Mgonjwa anarukwa Komunyo kisa anadaiwa michango, huu utaratibu umetoka wapi?

Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo nikiruka ruka mtanivumilia.

Niko Mbeya upande wa Uyole, parokia sitaji wala kigango sitaji na msinichimbe. Huku kwetu Ijumaa ya kwanza ya mwezi padre anazunguka na katekista kuwapelekea wagonjwa Komunyo, yaani Mwili wa Kristo, majumbani, na majina ya wagonjwa yanatoka kwa wenyeviti wa jumuiya, vile vikundi vya waumini majirani. Mpaka hapo sina neno, jumuiya ndo inajua nani kalazwa na nani karudi kutoka hospitali. Shida ni kwamba mwenyekiti wetu anakaa na madaftari mawili, la wagonjwa na la michango, analinganisha kwanza halafu ndo anapeleka majina. Ukiwa na deni jina lako haliendi, na hakuna mahali pameandikwa hivyo, na nina wasiwasi hata paroko mwenyewe hajui, au anajua anauchuna, Mungu ndo anajua.

Kuna Bibi mmoja jumuiyani kwetu, mjane, miguu imegoma, anaishi na mjukuu wake anayebeba viazi sokoni kwa kibarua. Anadaiwa zaka, anadaiwa mchango wa ujenzi wa nyumba ya mapadre, na debe la mahindi la mavuno. Debe la mahindi! Mtu hana shamba, hilo debe alitoe wapi?

Ijumaa ya kwanza iliyopita nimepita kwake asubuhi kumjulia hali, nje baridi ile yetu ya manyunyu, nakuta ametandika kitambaa cheupe juu ya stuli, msalaba katikati, na kipande cha mshumaa kimegandishwa kwenye kifuniko cha kopo. Chai iko pembeni imepoa hajaigusa. Nikamwambia Bibi ile saa moja ya kufunga kabla ya kukomunika haiwahusu wagonjwa, kunywa chai yako, akasema "Mjukuu wangu mimi nimeshazoea hivi, niache." Pikipiki ikaja, padre na katekista, ikapita, ikasimama nyumba ya tatu. Tukasikia wanaimba kule. Ikarudi ikapita tena. Bibi akasema labda wameanzia juu watarudi. Hawakurudi.

Nikamfuata mwenyekiti dukani kwake moja kwa moja. Namuuliza anajibu huku anapima sukari: "Kaka, kadi yake ya michango haijakamilika, mimi natekeleza maazimio ya kamati." Nikamuuliza Baba Paroko ana habari? Akasema Baba Paroko anataka hesabu. Mteja mmoja mama mtu mzima naye akadakia, eti hata Biblia imesema anayekula isivyostahili anajilia hukumu yake.

Sasa huyo mama ndo amenipandisha mori kuliko hata mwenyekiti. Hiyo ni 1 Wakorintho 11, nendeni mkasome sura yote msianzie katikati. Paulo aliwaka kwa sababu Wakorintho wakikutanika, wenye navyo wanawahi kula na kulewa na maskini anabaki na njaa, akawauliza kwani mnataka kuwatahayarisha wasio na kitu? Maneno ya kula isivyostahili yanakuja BAADA ya hapo. Yaani wanaokaripiwa pale ni wale wanaoaibisha maskini, na sisi tumechukua mstari huo huo tunampiga nao maskini. Jamani.

Na kabla hamjaja na "Kanisa linaendeshwaje bila zaka", zaka natoa, na mavuno natoa. Kuitegemeza parokia ni wajibu, Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimesema hivyo kanuni ya 222, na ile amri ya Kanisa ya zaka tumeikariri wote tukiwa wadogo. Lakini Katekisimu imesema kila mtu kadiri ya uwezo wake, hiyo sehemu mbona haitangazwi? Na amri nyingine humo humo inamtaka huyo huyo Bibi apokee Ekaristi, yaani hiyo hiyo Komunyo, walau mara moja kwa mwaka, hasa Pasaka, kwahiyo mnamzuia kushika amri moja kwa sababu hajaweza kushika nyingine? Kanuni ya 912 inasema mbatizwa yeyote asiyezuiwa na sheria anaweza na lazima akubaliwe kukomunika. Wanaozuiwa wametajwa 915, waliotengwa na wale wanaong'ang'ania dhambi nzito iliyo wazi. Haya, debe la mahindi ni dhambi nzito ya wazi? Halafu 848 ndo imemaliza kabisa, maskini wasikoseshwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao.

Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, mwaka 1976 walipoweka nguvu kwenye jumuiya ndogo ndogo lengo lilikuwa watu wajuane, wasome Neno, wabebane. Njoo uone ya kwetu Jumamosi asubuhi. Injili inasomwa mbio mbio kama konda anayetaja vituo, tafakari watu wawili wale wale, halafu michango saa nzima, jina moja moja kwa sauti, fulani bado, fulani bado. Na Dominika baada ya Misa mnada, jogoo mmoja anapanda mpaka laki na vigelegele juu. Mnunuzi anapelekewa Komunyo akiugua mafua, na Bibi anaangalia pikipiki inapita.

Dada mmoja wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) kashauri tuchange tumlipie deni yaishe. Moyo mzuri, ila mimi nimekataa hadharani na wamenuna. Tukimsaidia Bibi tumsaidie unga, mkaa, dawa, tuko tayari. Kulipa ili jina lake lipelekwe kwa padre ni kununua, na Petro alishamjibu Simoni mchawi kule Samaria kuhusu pesa za namna hiyo, Matendo 8. Na tukimlipia yeye, wale wengine waliokatwa kwenye daftari kimya kimya tutawajuaje?

Wale wa kuniambia nihamie kwa walokole mjihifadhi, sihami.

Ninachotaka kwenye huu uzi ni kwa wanaojua taratibu. Barua ya kumfikia paroko mwenyewe naiacha ofisini au nimvizie sakristia baada ya Misa ya kwanza? Na nikimpa nakala dekano, yule padre anayesimamia parokia kadhaa, nitakuwa nimeruka ngazi? Msinielekeze kwa mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, huyo ni shemeji yake na mwenyekiti wetu wa jumuiya.