Pikapu yangu imo kwenye orodha ya kurejeshwa, na mnunuzi yuko tayari: nifanyeje?

Mwenye Pikapu: Wakuu, nimepokea barua ya mtengenezaji inayosema kwamba pikapu yangu ya mwaka 2022 inarejeshwa, yaani inaitwa irudi kukarabatiwa, kwa hitilafu ya injini, na kwamba utaratibu wa matengenezo utatangazwa baadaye. Injini haigongi wala haijawahi kuzimika njiani. Mnunuzi amekwisha kukubali bei. Je, nimuuzie sasa au nisubiri?

Fundi Oili: Mkuu, injini kutogonga leo hakuthibitishi kwamba ni nzima. Mwaka 2024 Toyota ilirejesha takriban Tundra na Lexus LX 102,000 nchini Marekani, za miaka ya 2022 na 2023, kwa sababu mabaki ya chuma ya wakati wa kuchonga vipuri huenda hayakusafishwa yote kiwandani, yakaingia kwenye beringi kuu zinazoshikilia krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Beringi ikishaharibika, injini hugonga, huunguruma vibaya, au huzima gari likiwa kwenye mwendo kasi, na hapo ndipo penye hatari. Kumwaga oili mapema hakung'oi chembe iliyokwisha kujikita kwenye beringi.

Duka la Mitumba: Punguza bei, uza, yaishe. Kila gari lina lake.

Msoma Barua: Ndugu, ukimficha mnunuzi atajua siku hiyohiyo, maana urejeshaji hufuata namba ya chasisi, si jina la mwenye gari. Marekani mtu yeyote huingiza tarakimu na herufi zake 17 kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, bila malipo. Naye mnunuzi asiridhike na maneno "limeshatengenezwa". General Motors iliporejesha magari ya injini ya V8 (silinda nane) ya lita 6.2 mwaka 2025, karibu 600,000 nchini humo, si yote yaliyopangiwa injini mpya: yaliyofaulu ukaguzi yalipewa oili nzito zaidi, 0W-40, pamoja na kichujio na kifuniko kipya cha oili. Kwa hiyo aombe karatasi ya karakana inayoonyesha kilichofanyika hasa.

Mwenye Pikapu: Nimempa mnunuzi nakala ya barua na namba ya chasisi. Ameahirisha hadi injini ishughulikiwe, nami nimemrudishia arubuni yake. Pikapu nimeiegesha, safari ndefu siifanyi nayo.

Fundi Oili: Vyema. Ikianza kugonga asubuhi ikiwa baridi, izime na uite gari la kuvuta. Usiiendeshe hadi karakana.