Bella hakufundishwa aibu

Dada Mkubwa: Jamani, nimemaliza filamu ya Poor Things, ile aliyoiongoza Yorgos Lanthimos ya 2023. Usingizi umenikataa. Mwili wa mwanamke mzima, ubongo wa kichanga. Bella anatembea kama miguu ameazima, na chakula kisichompendeza anakitema mbele za watu. Hakuna aliyemfundisha aibu, basi hana!

Kaka: Emma Stone, aliyemwigiza Bella, aliistahili ile Oscar ya 2024. Kutembea kule tu!

Shangazi: Mimi ilinikera. Akili ya mtoto, halafu wanaume wazima wanamtamani, nasi tuambiwe huo ndio uhuru wake? Aliyeongoza ni mwanamume. Riwaya yenyewe ya 1992 kaiandika mwanamume, Alasdair Gray.

Dada Mkubwa: Hapo sina la kukupinga, Shangazi. Lakini Simone de Beauvoir, yule mwanafalsafa wa Kifaransa, aliandika mwaka 1949 kwamba mtu hazaliwi mwanamke, anakuja kuwa mwanamke. Mimi nimeiona filamu ikiuliza hivi: ukiondoa malezi, anabaki nani?

Baba Mdogo: Kumbukeni mgahawani. Mtoto analia, Bella anainuka akampige ngumi! Sasa huyohuyo, kule Alexandria, anaona watoto wa maskini wanakufa, analia mpaka anaishiwa nguvu, anatoa pesa zote za yule bwana aliyetoroka naye. Huruma ile kaitoa wapi? Sidhani ni ya kike.

Kaka: Vitabu, Baba Mdogo. Yule bibi aliyekutana naye melini alishampa vya kusoma.

Shangazi: Si vitabu tu, mwanangu. Aliona kwa macho yake. Alipokuwa amefungiwa ndani angeyaona wapi? Ndiyo maana karibu sehemu yote ya mwanzo haina rangi, rangi zinaingia akishatoka. Sisi tuliambiwa “kaa vizuri, wewe mtoto wa kike” kabla hatujajua hata vibaya ni vipi. Tukakaa. Tulipokua watu wakasema wanawake ni waoga kwa maumbile.

Baba Mdogo: Kweli, dada. Tumelelewa nyumba moja, na mimi sikumbuki kuambiwa hivyo hata siku moja.

Mama: Nilikuwa nawasoma kimya. Binti yangu yupo hapa kwenye kochi, miguu juu. Maneno yalishafika mdomoni, nikayameza.

Shangazi: Na kaka yake amekaaje?

Mama: Vilevile. Ndiyo kwanza namtazama.