Boga la Halowini linaoza kabla ya tarehe 31, nyie mnalitunzaje?

mama_watatu
Wadau habari zenu. Niko Dallas huku Marekani, wanangu hiyo Halowini, sikukuu ya huku ya tarehe 31 Oktoba, wameikuta shule na sasa kila Oktoba lazima maboga yachongwe macho na meno yawekwe mlangoni, bila hivyo hakukaliki. Shida yangu ni moja, tukichonga wikiendi, ikifika katikati ya wiki boga limeshanywea, meno yamejikunja kwa ndani, ukungu mweusi umeota na vile vidudu vya matunda ndo usiseme. Tarehe 31 yenyewe bado! Na jua la huku Oktoba bado linachoma, mlango wetu unatazama magharibi. Mmoja kaniambia nipake mafuta ya mgando, mwingine anasema jiki, mwingine nipulizie dawa ya nywele. Kipi kinafanya kazi kweli? Maana kununua maboga mara mbili sitaki.

MtotoWaPwani
Yani boga zima mnalitoboa macho mnaliweka nje lioze 😂😂 kwetu hilo lingeshaungwa nazi likawa futari zamani. Haya endeleeni.

shamba_illinois
@MtotoWaPwani hayo ya kuchonga hata ukiyapika hufurahii bro, yamejaa maji na nyuzinyuzi, utamu hayana.

@mama_watatu mi niko Illinois, ndo jimbo linaloongoza kwa maboga Marekani, nafanya kazi shambani so hili nalijua. Boga likishakatwa linapigwa na vitu viwili tofauti. Kwanza linapoteza maji pale ulipolikata, ndo maana meno yanajikunja. Pili ni ukungu na bakteria, na hao wanapenda zile nyama laini za ndani. Mafuta ya mgando yanazuia maji kutoka, jiki inaua ukungu, kwa hiyo waliokushauri wote wawili wako sahihi ila kila mmoja kakupa nusu. Dawa ya nywele achana nayo, inashika moto kirahisi sana.

Mi nafanya hivi, nakwangua ndani kwa kijiko mpaka hakuna uzi hata mmoja, ukuta ubaki kama sentimita 2 na nusu hivi, hapa wengi wanavivia na ndo ukungu unapoanzia. Kisha kijiko kimoja cha chakula cha jiki kwenye lita 4 za maji, unalitumbukiza lote kwenye ndoo au unapulizia ndani na kwenye makato kama ndoo haitoshi, halafu unaligeuza kichwa chini likauke kabisa. Likikauka ndo unapaka mafuta kwenye kila sehemu iliyokatwa. Usipake likiwa na maji, utakuwa umeufungia unyevu humo humo. Na mshumaa hapana, unalipika boga kwa ndani na hayo mafuta nayo yanawaka, nunua vile vitaa vya betri.

Ila dada kwa joto la Dallas dawa kubwa ni kuchelewa kuchonga. Boga zima ambalo halijakatwa linakaa hata miezi miwili mahali pakavu penye ubaridi, likichongwa juani linahesabu siku. Linunue mapema, lichonge tarehe 28 au 29.

mama_watatu
Asante sana kaka, hiyo ya mshumaa sikuwahi kuifikiria kabisa. Sasa jiki ikiisha naweza kuongezea siki? Naona watu wanaisifia.

shamba_illinois
HAPANA usichanganye!! Jiki na siki vikikutana vinatoa gesi ya klorini, inaumiza mapafu. Chagua kimoja. Na vaa glavu, watoto wakae mbali mpaka likauke.

baridi_minnesota
Nyie mnalia joto, huku kwetu shida ni barafu. Boga likiganda usiku kesho yake likiyeyuka linakuwa bwabwa, kwa hiyo usiku tunayaingiza ndani. @mama_watatu na wewe usiku liweke kwenye friji kama linaenea, na likianza kunywea lilaze kwenye maji baridi sana masaa kadhaa, linarudi kidogo, sio jipya lakini uso unaonekana. Halafu tundu la kutolea mbegu toboa chini au nyuma badala ya juu, kile kifuniko cha juu huwa kinanyauka kinatumbukia ndani. Kuna kindi pia, wale wanakula mpaka pua. Jirani yangu alichoka akawapa watoto rangi wapake boga zima bila kukata, likafika Novemba, mi naona ndo akili hiyo kama watoto bado wadogo.

MtotoWaPwani
Basi likichoka mpeni mtu mwenye kuku.

baridi_minnesota
Lenye jiki?? Acha kabisa, hilo linaenda takatakani.

mama_watatu
Haya tunachonga tarehe 28, baba watoto nimeshamtuma vitaa. Swali la mwisho jamani, mbegu je, zinafaa kukaanga au nazo za bure?

shamba_illinois
Zinafaa sana, ila zitoe kabla jiki haijafunguliwa. Osha zile kamasi zote, kausha, mafuta kidogo na chumvi, ingiza oveni ukizigeuza geuza mpaka zilie.