Mashua ndogo ya matanga iliyotumika kwa safari za pwani: kati ya hizi mbili nichague ipi?

Tanga Jeupe aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Kwa miaka sita nimekuwa baharia katika mashua za watu wengine, na sasa nataka kununua yangu, ndogo na iliyokwisha kutumika, kwa safari za pwani za siku mbili au tatu. Tutakuwa watu wazima wawili na mtoto mmoja, na usiku tutalala nangani.

Nimeziona mbili. Ya kwanza ina urefu wa mita 6.7, mkuku wake, yaani ule uti wa chini unaoizuia mashua isisukumwe kando na upepo, hupandishwa na kushushwa kwa waya, na injini yake ni ya petroli, ile ya kufungwa nje kwenye tezi, nyuma ya mashua. Ya pili ni Westerly Centaur ya mwaka 1974, yenye urefu wa mita 7.9, mikuku miwili iliyokazwa kwa bolti, na injini ya dizeli iliyomo ndani. Bei ya hii ya pili inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Muuzaji wake ananihakikishia kwamba waya za mlingoti, zile zinazoushikilia usimame, ni nzima, ila hana kumbukumbu ya lini zilibadilishwa.

Naomba mnieleze ipi inafaa zaidi, na ni mambo gani niyatazame mwenyewe kabla ya kumlipa mkaguzi.

Nahodha Mstaafu alijibu:

Ndugu yangu, usiichague mashua ndefu kwa kudhani itakufikisha mapema zaidi. Mwendo wa mashua nzito ya namna hii hutegemea urefu wake pale inapokutana na maji, na tofauti kati ya hizo mbili haifiki hata nusu maili ya bahari kwa saa. Zote mbili zitakupa wastani wa maili nne au tano kwa saa upepo ukiwa mzuri. Upepo ukitoka kule unakokwenda, itabidi upige bisha, yaani uende kwa kupinda huku na huku, na njia itarefuka karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo bandari iliyo maili 25 mbele yako huenda ikakumalizia mchana mzima. Panga safari zako kwa hesabu hiyo.

Tofauti inayofaa kupimwa ni ya mkuku. Mikuku miwili ina heri moja kubwa: maji yakipwa, mashua hukaa wima juu ya mchanga, nanyi mkaendelea kupika na kulala hadi maji yajae tena. Hasara yake ni kwamba haiendi joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, vizuri kama mashua ya mkuku mmoja mrefu, kwa sababu huteleza kidogo upande wa demani, kule upepo unakoelekea. Mkuku wa kupandishwa nao hukuingiza mahali pa kina kidogo sana, lakini waya wake, kapi yake na pini inayoubeba vyote vimo chini ya maji, mahali ambapo jicho halifiki. Usinunue mashua hiyo kabla haijapandishwa nchi kavu na mkuku ukashushwa mbele yako mpaka mwisho.

Kuhusu Centaur, zaidi ya 2,000 zilijengwa Uingereza kati ya 1969 na 1980, na udhaifu wake unajulikana: ni pale mikuku inapoungana na mwili wa mashua. Fungua mbao za sakafu, kausha ngama, yaani chini kabisa ndani ya mashua ambako maji hukusanyika, kwa kitambaa, kisha utazame kwa kurunzi kandokando ya bolti. Ukiona nyufa zinazotoka kwenye bolti kama miale, au michirizi ya kutu, jua kwamba mwili umekuwa ukinepa. Mashua nyingi za aina hii zimeongezewa nguvu mahali hapo, kwa hiyo muulize muuzaji kama kazi hiyo ilifanyika.

Fundi wa Faiba alijibu:

Nakubaliana na Nahodha, nami naongeza yale ya mikononi mwangu.

Chukua bisibisi yenye mpini wa plastiki na ugonge sitaha kwa mpini, taratibu, shubiri kwa shubiri, ukianzia omo, mbele ya mashua. Sitaha nyingi za faiba zina tabaka mbili, na katikati yake kumewekwa mbao nyepesi ya balsa. Palipo pazima hujibu kwa mlio mkavu na mkali. Palipoloa hujibu kwa sauti nzito, kama unagonga kitabu kinene. Weka alama ya chaki kila unapoisikia sauti hiyo. Utaona kwamba alama zinajikusanya kuzunguka nguzo za reli, chini ya mlingoti na kando ya vyuma vilivyokazwa kwa bolti, kwa kuwa maji huingilia kwenye matundu ya bolti. Eneo la sahani moja linatengenezeka kwa siku chache. Likizidi nusu ya sitaha, iache mashua hiyo, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Malengelenge ya chini ya mwili huwatisha wanunuzi kupita kiasi. Ukilitoboa moja na likatoa majimaji yenye harufu ya siki, maji yamepenya ndani ya faiba; ni kazi ya kukwangua, kukausha kwa muda mrefu na kupaka upya, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei, lakini ni nadra sana kuzamisha mashua.

Kinachozamisha ni vali. Kila tundu la kupitishia maji lililotobolewa chini ya usawa wa maji huwa na vali ya kulifunga, na ikiwa imetengenezwa kwa shaba njano ya kawaida, maji ya chumvi huila zinki iliyomo na kuacha chuma chepesi kuvunjika. Ikwangue kidogo kwa kisu. Rangi ya waridi ni dalili mbaya. Fungua na ufunge kila moja; isiyozunguka ihesabu kuwa ya kubadilishwa.

Bi Demani alijibu:

Ndugu Tanga Jeupe, tafadhali usilipokee neno la muuzaji kuhusu waya za mlingoti. Mimi nililipokea. Waya zangu zilikuwa ziking'aa, hazina hata uzi mmoja uliochomoza, nami nikaridhika. Katika msimu wa pili, siku ya upepo wa kawaida tu, nilisikia mlio mmoja mkali kama fimbo iliyovunjwa gotini, na mlingoti ukaangukia upande wa demani pamoja na tanga kuu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini mume wangu alikuwa ameondoka pale sekunde chache tu kabla.

Tulipokusanya mabaki tuliona kwamba waya haikukatika katikati. Ilikatikia ndani ya kikombe cha chuma kilichobanwa kwenye ncha yake ya chini, pale maji ya chumvi yanapotuama. Chuma kisichoshika kutu hulindwa na utando mwembamba unaohitaji hewa. Kikikaa kwenye unyevu usio na hewa, huliwa taratibu kwa ndani huku nje kikiendelea kung'aa. Ndivyo pia vinavyoharibika vile vyuma vya ubavuni ambavyo waya hufungiwa, mahali vinapopita katika sitaha. Usipokuwa na kumbukumbu za matengenezo, zihesabu waya zote kuwa zimekwisha muda wake, uulize bei ya seti mpya, na kiasi hicho ukiondoe katika ofa yako. Waya za miaka 10 hadi 15 zinastahili kubadilishwa hata kama macho hayaoni kasoro.

Baharia wa Jioni alijibu:

Mimi ningechukua ile ndogo. Injini ya nje ikiharibika unaifungua na kuipeleka kwa fundi, lakini dizeli ya zamani ikifa ndani ya mashua, kuibadilisha kunaweza kugharimu zaidi ya mashua yenyewe.

Nahodha Mstaafu alijibu:

Ni kweli, Baharia, kuhusu gharama. Lakini pwani yenye mawimbi mafupi, tezi ikiinuka, panga la injini ya nje hutoka majini na kuzunguka hewani, tena hasa wakati unapoihitaji kukutoa karibu na miamba. Isitoshe, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kujaa kwenye ngama, ukingoja cheche.

Kwa dizeli, fika bila kumpa muuzaji nafasi ya kuipasha moto. Weka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa: iwe baridi. Ikishawaka, tazama kama maji yanatoka na moshi, kisha itumieni kwa mzigo, baharini, kwa nusu saa nzima. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji ndani yake.

Tanga Jeupe alirudi kuandika:

Nawashukuru sana. Jumamosi nilikwenda na chaki, bisibisi na kurunzi. Ile ndogo ilinisikitisha: chini ya mlingoti sauti ni nzito eneo la meza nzima, na mwenyewe hakukubali ipandishwe nchi kavu. Nimemwambia kwamba sitaendelea.

Centaur ina alama saba za chaki, zote ndogo, na kwenye ngama nimeona faiba mpya imeongezwa juu ya mikuku. Injini ilikuwa baridi, ikawaka kwa jaribio la pili. Vali mbili kati ya nne hazizunguki, na moja nilipoikwangua ilitoa rangi ya waridi. Nimempa muuzaji ofa iliyopunguzwa gharama ya waya zote na vali zote nne, na kwa sharti kwamba mkaguzi aione kwanza ikiwa nchi kavu, na kwamba nioneshwe hati za umiliki pamoja na uthibitisho kuwa haidaiwi mkopo. Ameomba siku tatu za kufikiri. Wakati nikisubiri, Bi Demani, naomba unieleze: je, vile vyuma vya ubavuni mlivitoa vyote, au mlibadilisha vya upande uliovunjika tu?

Bi Demani alijibu:

Tulivitoa vyote. Vitatu vilivyoonekana vizima tulivipata na ufa, hapo hapo vilipokuwa vimefichwa na sitaha.