Kuwasiliana na nyumbani Tanga ukiwa ughaibuni: WhatsApp, simu ya kawaida au Posta?

Chumbageni_Juu
Wakuu, salaam. Tulinganishe njia tatu kwa mtu anayeondoka Tanga kwenda kuishi nje, iwe London, Muscat au Minnesota. Upande wa nyumbani tuseme kuna vijana mjini wenye simu janja, bibi yuko Mwera huko Pangani na kitochi chake, halafu kuna makaratasi ya kutumiana: vyeti, hati za kiwanja. Watu wa simu na watu wa Posta wekeni hesabu hapa. Jibu la "inategemea" hatulitaki.

Fundi_Makorora
Mkuu, anza na simu iliyo mkononi mwa mtu wa nyumbani. Wewe huko utapata waifai kila kona, yeye ndiye anayehesabu MB.

WhatsApp ya sauti hula kama nusu MB hadi MB 1 kwa dakika. Ya video ni MB 5 hivi, na mtandao ukiwa mzuri inazidi. Kwa hiyo nusu saa ya sauti ni MB 15 hadi 30, na nusu saa ya video ni MB 150 kwenda juu. Bando dogo la siku linaisha kabla hamjamaliza kuulizana hali.

Ingia Mipangilio, kisha palipoandikwa hifadhi na data, washa kile cha kutumia data kidogo wakati wa simu. Ukiwa hapo hapo zima picha na video kujipakua zenyewe. Watu wanalaumu simu za kutoka nje kumbe bando limeliwa na magrupu: video za harusi na mawaidha zinashuka usiku kucha mwenye simu amelala.

Mwenzako akianza kusikika kama anaongea ndani ya pipa, zima video kwanza, msikate simu. Ukiona juu ya skrini pana E au H badala ya 4G, acheni kupigiana, tumianeni ujumbe wa sauti. Ule husubiri mtandao ndipo uende, kwa hiyo unafika mzima.

Na angalieni umri wa simu. Android iliyo chini ya toleo la 5 haifungui tena WhatsApp tangu Januari 2025. Usimwachie mama simu ya kabatini ukaondoka bila kuijaribu.

Mdigo_wa_Mkinga
Nyongeza kwa walio na ndugu Horohoro na Jasini: kule simu hudaka mnara wa Kenya. Mtu ana bando la Tanzania lakini haliingii, au salio linayeyuka. Aende kwenye mipangilio ya mtandao, aondoe kuchagua kwa otomatiki, ateue kampuni yake kwa mkono, na data ya romingi (ya kutumia mtandao wa nchi nyingine) aizime kabisa.

BiNgamiani
Mnaotuma salio kutoka nje kupitia programu za kuongezea watu vocha, nawaomba kitu kimoja. Salio likiingia huku data imewashwa na hakuna bando, simu inakula salio lenyewe, na kwa bei ya juu. Mtumie ujumbe kwanza: "zima data". Salio likiingia anunue bando, apate ujumbe wa kuthibitisha, ndipo awashe. Kwa wazee ni bora bando la mwezi hata kama ni dogo, maana la siku linakufa saa alizolala.

Laini_Mbili
Sasa kitochi. Bibi wa Mwera hafikiwi na WhatsApp, atapigiwa simu ya kawaida, na kupiga Tanzania kutoka nje ni ghali kwa sababu kampuni ya huko inailipa ya hapa kwa kila dakika inayopokelewa. Njia ya nafuu ni programu zinazouza dakika: wewe unatumia intaneti, upande wa pili inaita simu yoyote, hata kitochi. Viber Out ni mojawapo, Rebtel nyingine. Skype msiitafute, ilifungwa Mei 2025. Linganisheni bei ya kupiga *simu ya mkononi* Tanzania. Kuna wanaotangaza bei ya simu ya mezani kwa herufi kubwa, ya mkononi wameificha chini.

Ukikuta bei ya chini mno kuliko wengine wote, tazama bibi anaona namba gani. Ikitokea namba ya kawaida ya 07 ya hapa hapa nchini, simu yako huenda inapitishwa kwenye simboksi, mashine yenye laini nyingi za hapa inayogeuza simu ya nje ionekane ya ndani. Hiyo ni kinyume cha sheria, sauti inakwama, na akijaribu kukupigia kwenye namba ile hakupati.

Uandishi wa namba: +255, ondoa sifuri ya mwanzo, halafu tarakimu 9. Kosa la kila siku ni kuandika +2550. Hifadhi namba zote na alama ya + tangu ukiwa Tanga, maana ukiandika 07 ukiwa nje simu itadhani unapiga nchi ile ile. Simu za mezani za Tanga ni +255 27.

Chumbageni_Juu
Kwa hiyo vijana WhatsApp, bibi programu ya dakika. Mjukuu hawezi kumshikia bibi simu yake janja jioni?

Laini_Mbili
Anaweza, na wengi ndivyo wanavyofanya. Ila usitegemee njia moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya nchi nzima ikadorora. Siku kama ile mjukuu hakusaidii, unahitaji namba ya kitochi na dakika ulizokwisha kuzilipia.

Raskazone_Bandari
Saa msizisahau. Saa 3 usiku Tanga ni saa 4 usiku Muscat. London ni saa 12 jioni wakati wa baridi na saa 1 usiku wakati wa kiangazi, maana wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatusogezi. New York ni saa 7 mchana wakati wa baridi, kiangazi saa 8.

Wanaokwenda Dubai: simu za WhatsApp kule zimezuiwa, za sauti na za video. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita. Watu wanatumia Botim, programu nyingine ya kupigiana, lakini lazima na wa nyumbani awe nayo, kwa hiyo ipakueni pande zote kabla ya safari.

Fundi_Makorora
Hamjauliza laini ya Tanzania nayo inafanywaje. Usiiache Tanga na usiitupe. Kabla ya kuondoka piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kisha iombee kampuni yako romingi. Huko iweke tundu la pili la simu yako, zima data yake na usipokee simu juu yake, inakata salio. Kupokea SMS kwa kawaida hakukatwi, na hizo ndizo unazozihitaji: namba za uthibitisho za benki na za WhatsApp. Itumie mara moja moja, hata SMS moja, kwani laini iliyolala miezi hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine, naye akifungua WhatsApp anaingia kwa namba yako.

Weka pia PIN ya tarakimu 6 ya WhatsApp, uthibitishaji wa hatua mbili. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wakiteka akaunti ya mtu aliye nje wanafurahi sana, ndugu wote wanaamini.

KaraniMstaafu
Nije kwenye Posta, maana naona mnaipita kama kituo kisicho na abiria. Hati halisi haiendi kwa WhatsApp. Ardhi na mahakamani wanataka karatasi yenye wino na muhuri.

Huku kwetu kwa kawaida barua haigongi mlango, huingia kwenye sanduku. Bahasha iandikwe jina, S.L.P. na namba yake, TANGA, kisha TANZANIA kwa herufi kubwa. "Makorora karibu na msikiti" si anwani ya barua. Asiye na sanduku atumie la shule au la kazini kwa idhini yao, uandike "kwa mkono wa". Namba ya simu ya mpokeaji iandikwe nje ya bahasha, na ndani pia.

Barua ya kawaida haina namba ya kufuatilia, itumieni kwa kadi ya Idi tu. Barua ya rejista na EMS, ile huduma ya haraka ya Posta, zina namba yenye herufi 2, tarakimu 9, herufi 2. Ikianza na R ni rejista, na E ni EMS. Herufi mbili za mwisho ni nchi ilikotoka, GB ikiwa Uingereza. Rejista ni hesabu ya wiki, EMS ni hesabu ya siku.

Ukituma vitu, jaza fomu ya forodha: CN22 kwa thamani ndogo, CN23 kwa kubwa. Usiandike "zawadi" ukaishia hapo. Andika "fulana 3, viatu jozi 1", uzito na thamani ya kila kimoja. Mzigo usioeleweka ndio unaofunguliwa. Pawabenki isiingie kabisa, betri za namna ile huondolewa kwenye mizigo ya ndege.

BiNgamiani
Baba, na anayekwenda kuchukua anatakiwa awe na nini?

KaraniMstaafu
Mwanangu, kitambulisho, na jina lifanane na lililo kwenye bahasha herufi kwa herufi. Hapo ndipo mizigo mingi inapokwama. Mtumaji anaandika "Mama Asha" au "Bi Mkubwa" kwa sababu ndivyo anavyomwita tangu utoto, na kitambulisho cha NIDA kinasema jina jingine kabisa. Kabla hujaandika bahasha, mwambie akupigie picha kitambulisho chake akutumie.