Skani ya dakika moja imerukwa huko, lawama nabebeshwa mimi Mwanza

Wakuu, kabla sijavunja kompyuta ya watu naomba nitapike hapa.

Kazi yangu ni kuoanisha picha za ubongo za MRI, ile mashine ya sumaku. Unachukua picha ya umbo, ile kali inayoonyesha kila kunyanzi, halafu unalaza juu yake picha za fMRI uone sehemu ipi ilichangamka mtu alipobonyeza kitufe. Diski ilitoka kituo tunachoshirikiana nacho (sikitaji, wanajijua). Niliipokea mwenyewe stendi ya Nyegezi, imefungwa kwenye boksi la biskuti.

Nafungua mtu wa kwanza. Mstari mwekundu wa mpaka kati ya sehemu nyeupe na ya kijivu umekaa vizuri kisogoni, nikafurahi. Nasogea mbele: juu ya macho ubongo umebonyea kama chungwa lililokaliwa kwenye daladala. Karibu na masikio umevutwa hadi nje ya mstari. Mtu wa pili vilevile, wa tatu vilevile.

Sababu siyo uchawi. Picha za fMRI hupigwa kwa mbio, mbinu inaitwa EPI, na pale hewa inapopakana na nyama, kama kwenye sainasi na matundu ya masikio, uga wa sumaku unayumba na ishara inaandikwa mahali isipotoka. Kuvutwa huko kunafuata mwelekeo mmoja, wa fezi, yaani mmoja wa mielekeo ambayo mashine hutumia kupanga ishara kwenye picha. Dawa yake ni ya siku nyingi: piga ramani ya uga ionyeshe sumaku imeyumba wapi, au piga picha chache za EPI kwa mwelekeo wa kinyume, moja ipinde mbele nyingine nyuma, halafu topup, kifaa cha programu ya FSL, inatafuta ukweli katikati. Dakika moja hivi! Niliomba kwa barua pepe, tena kwa herufi kubwa. Jibu lao: "Tuliiruka kuokoa muda, mtarekebisha huko."

Turekebishe na nini, kijiko?

Bosi naye: "Ongeza vigezo." Vigezo ni namna unazoruhusu picha moja ibadilike ili ilale juu ya nyingine. Vigezo 6 ni kusogeza na kuzungusha tu, kama unahamisha kabati. Ukienda 12 unaanza kuvuta na kubana, ila unauvuta ubongo mzima kwa mpigo. Ukinyoosha paji la uso, kisogo kilichokuwa kimetulia kinaharibika. Hata njia ya Greve na Fischl ya 2009 ya kufuata mpaka wa sehemu nyeupe, ambayo naipenda kuliko zote, inataka mpaka uwe mahali pake kwanza.

"Si milimita tatu tu?" Bosi huyohuyo. Jamani, gamba la ubongo lina unene wa milimita 2 hadi 4 hivi. Ukikosea 3 umeshavuka bonde, umetua ukingo wa pili. Ni kumwandika mtu wa Mwanza mjini kuwa mkazi wa Kamanga kwa vile kwenye ramani ni upana wa kidole, wakati katikati kuna maji na kivuko.

Halafu maelezo ya skani yamefutwa yote. Mwelekeo wa fezi haupo, muda ambao mashine ilitumia kusoma ishara haupo. Faili zimepitishwa kwenye programu mbili tatu hadi kulia na kushoto naamini kwa imani tu, maana hata kidonge cha mafuta ya samaki hawakubandika upande mmoja wa kichwa kiwe alama. Wangesema, tungewatumia. Sisi wa ziwani tukose mafuta ya samaki?

Nimejaribu kuisukuma EPI ifanane na picha ya umbo, kwa mwelekeo wa fezi peke yake, nao nimeukisia. Masikioni pamekubali kiasi. Juu ya macho ishara imepotea kabisa, ni weusi mtupu, na weusi haunyooshwi. Bosi anataka matokeo ya hapohapo, Ijumaa.

Aliyewahi kupokea mzigo wa namna hii anieleze alimwambiaje bosi wake. Mnaokuja na "badili kazi" piteni kimya kimya.