4294967297: nionyesheje ubaoni kwamba 641 inaigawa?

Mwl_Nzuguni
Wakuu, salamu kutoka Dodoma. Klabu ya hisabati, kidato cha tano PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), imefika kwenye namba za Fermat, yaani zenye umbo 2^(2^n) + 1. 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni tasa. Inayofuata ni 2^32 + 1 = 4294967297, ambayo Fermat aliamini ni tasa, lakini mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba ni 641 × 6700417. Kuzidisha si kazi. Vijana wanauliza 641 imetoka wapi, na kama 6700417 nayo ni tasa. Nataka njia ya chaki tu. Halafu kuna aliyeandika programu ya C: anaanza na 1, anazidisha kwa 2 mara 32, anajumlisha 1, jibu linatoka 1!

Manyoni_Hesabu
Mwalimu, msianze na 7, 11, 13. Kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe na umbo 128k + 1, k ikiwa namba nzima (Euler alikuwa na 64k + 1, Lucas ndiye aliyeibana zaidi mwaka 1878). Pangeni: 129, 257, 385, 513, 641. 129 na 513 zinagawanyika kwa 3, 385 kwa 5. 257 ni tasa, lakini 3 × 5 × 17 × 257 × 65537 = 4294967295, kwa hiyo ukigawa namba yetu kwa 257 inabaki 2. Basi ya kwanza kabisa ya kujaribu ni 641.

Programu: ametumia unsigned int ya biti 32. Mwisho wake ni 4294967295, ikizidi hapo inarudi 0. Atumie uint64_t, ya biti 64.

Kondoa_Kipeuo
Uthibitisho mzuri zaidi hauhitaji hata kugawa. Andika 641 kwa namna mbili:

641 = 5 × 2^7 + 1
641 = 5^4 + 2^4

Kwa baki za 641 (tunaangalia tu kinachobaki ukigawa kwa 641), mstari wa kwanza unasema 5 × 2^7 ni −1. Pandisha kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ni 1. Mstari wa pili unasema 5^4 ni −(2^4). Ibadilishe: −(2^32) ni 1, yaani 2^32 + 1 inabaki 0. Mabano yasiachwe, bila hayo wengi husoma (−2)^4, wanapata +16 na hesabu nzima inaharibika.

Mwl_Nzuguni
Safi sana wakuu. Na 6700417?

Manyoni_Hesabu
Kipeuo chake cha pili ni 2588 na kitu. Kigawo chake ni kigawo cha namba kubwa pia, hivyo umbo 128k + 1 linabaki lilelile. Ukiacha 257, tasa za umbo hilo chini ya 2588 ni nne tu: 641 inabakiza 44, 769 inabakiza 120, 1153 inabakiza 334, 1409 inabakiza 622. Hakuna inayoigawa, kwa hiyo 6700417 ni tasa.

Wasijaribu utasa wa 4294967297 kwa jaribio la Fermat lenye msingi 2 (unapandisha 2 kwa kipeo cha namba hiyo toa 1, unagawa kwa namba yenyewe, na baki isipokuwa 1 namba si tasa). Itafaulu ingawa si tasa, kwa sababu 2^64 ukiigawa kwa namba hii inabaki 1, na kipeo cha jaribio ni 2^32, ambacho 64 inakigawa. Watumie msingi 3.